Kioo Ndani ya Sabuni

Nilirudi kazini siku ya nne. Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Watu humletea chakula, humsomea, na hakuna anayemtazamia kufanya lolote. Mwanamume hana eda. Hitima ya mke wangu ilisomwa siku ya tatu baada ya alasiri, katika msikiti ulio karibu na kwetu, mtaa wa Mkomani, na asubuhi yake nilivaa kikoi changu cha kazi nikaenda kiwandani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mke wangu alifariki katika uzazi, yeye na mtoto, kati ya adhuhuri na alasiri, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshawazika wote wawili.

Sikulia. Watu waliokuja kunipa mkono wa rambirambi walisema, “Mashaallah, ana subira.” Haikuwa subira. Mwenye subira ni yule anayeumia akajizuia, na mimi sikuwa na cha kujizuia. Nilikula nilipopewa chakula. Nilisali kwa wakati. Mama yangu akiniuliza kama nimelala, nilimwambia nimelala, na ilikuwa kweli. Nililala kama mtu aliyebeba mizigo mchana kutwa.

Kiwanda ni jina kubwa mno kwa mahali penyewe. Palikuwa ni ua nyuma ya nyumba ya mawe, ukingoni mwa mji wa Lamu upande wa mashamba, mbali kidogo na watu kwa sababu ya harufu. Juu palikuwa na paa la makuti, na chini yake sufuria mbili kubwa za chuma zilizojengewa kwa mawe, kila moja na tanuri lake. Mwenyewe alikuwa mzee wa ukoo wa zamani wa mji. Aliwahi kuuza mafuta ya ufuta na samli, na baada ya vita vikuu vya pili, sabuni kutoka ng’ambo ilipokuwa haipatikani, alianza kupika sabuni ya mafuta ya nazi. Sote tulimwita Bwana. Tulikuwa wafanyakazi watano, na mimi ndiye niliyekuwa mpishi.

Sabuni hupikwa hivi. Mafuta ya nazi hutiwa ndani ya sufuria, yakapashwa, kisha hutiwa magadi makali yaliyoyeyushwa kwa maji, huku mpishi akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Saa zikipita hugeuka uji mzito. Hapo hutiwa chumvi, na sabuni hupanda juu, yakabaki chini maji machafu ya magadi. Sabuni huchotwa ikamiminwa katika kalibu za mbao, ikaachwa siku kadhaa ishike, kisha hukatwa kwa waya ikawa miche. Kujua kama magadi yametosha, tulikuwa na kipimo cha kioo ambacho Bwana alikiagiza Mombasa. Chini kilikuwa kimevimba na ndani yake mna vichembe vya risasi, ili kisimame wima kikielea. Juu kilikuwa chembamba kama kalamu, kimechorwa mistari na tarakimu. Bwana alinifundisha mwenyewe namna ya kukitumia: chota maji ya magadi kwa kopo, yaache yapoe, kisha tia kipimo ndani ya kopo. Usikitie kamwe ndani ya sufuria.

Siku mbili tatu baada ya kurudi, magadi yalinirukia mkononi, hapa juu ya kiwiko. Mwenzangu aliyekuwa akichochea moto ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshayaona. Nilikuwa nikiitazama ngozi inavyobadilika rangi, na nikaendelea kuitazama mpaka yeye akanimwagia ndoo ya maji. Aliniuliza, “Huumii wewe?” Nikamwambia inauma. Ndivyo ilivyopaswa kujibiwa.

Kipimo kilivunjika wiki ya tatu. Sikutaka kuhangaika na kopo. Nilikitumbukiza ndani ya sufuria, pembeni, nikakishika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika mwiko. Mwiko ukateleza. Nilisikia mlio mdogo sana, na nilipoinua mkono nilikuwa nimeshika ile sehemu nyembamba tu, imekatika chini ya tarakimu. Sehemu iliyovimba ilikuwa imeingia ndani ya uji.

Hapa nataka nieleweke, kwa sababu baadaye watu wengi walinitafutia udhuru. Nilijua maana yake. Nilijua kwamba ilinipasa niache kukoroga, nimwite Bwana, tuache sufuria ile ipoe, na sabuni yote ya siku ile isiuzwe. Nilikitazama kile kipande mkononi. Nikakiweka katika shubaka la ukutani ambamo hamkuwa na kitu, nikaendelea kukoroga. Ningependa kusema kwamba nilijipa moyo kuwa kioo kitazama chini na kubaki kwenye uchafu. Ningependa kusema kwamba niliogopa. Ningekuwa nasema uongo. Sikujiambia chochote. Alasiri nilichota sabuni nikaimimina katika kalibu, na siku zilipotimia niliikata kwa waya mwenyewe. Tangu siku hiyo nilipima magadi kwa ncha ya ulimi, kama walivyofanya wapishi wa zamani, na hapana aliyeniuliza kipimo kiko wapi.

Miche ya sufuria ile ilitiwa katika masanduku. Mengine yalibaki ghalani, mengine yakaenda kwa wenye maduka mjini, na sanduku moja likapelekwa kisiwani Ndau.

Baada ya mwezi hivi alikuja mtu kutoka Ndau. Alikuwa mvuvi wa makamo, kanzu yake imekunjamana kwa safari, na mkononi ana kitambaa kilichofungwa. Bwana alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni mwa ghala, nami nilikuwa nikipanga masanduku hatua chache nyuma yake. Mgeni alitoa salamu, akaketi alipoonyeshwa, akaulizwa hali na watu wa Ndau, akajibu wote wazima. Kisha akafungua kitambaa juu ya magoti yake. Mlikuwa na mche wa sabuni uliotumika nusu, na kando yake kipande cha kioo kilichopinda, kidogo kama gamba la samaki.

“Hiki kilikuwa ndani ya sabuni yako, Bwana,” alisema.

Bwana alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga. “Ndani?”

“Ndani. Dada yangu alikuwa akifua. Akisugua nguo, kikamwingia hapa.” Alionyesha kiganja chake mwenyewe, chini ya vidole viwili vya mwisho. “Jeraha limefunga, alhamdulillahi. Lakini vidole viwili havikunjiki tena. Na kazi yake ni kusuka mikeka.”

Bwana akamuuliza, “Wataka tukufanyie nini?”

“Sikuya kutaka kitu,” yule mtu alisema. “Nimekuya kuwaambia. Kule kwetu mna nyumba nyingine zina sabuni hii, na mna watoto.”

Aliacha mche na kioo pale pale, akakataa kahawa, akaenda zake kutafuta chombo cha kumrudisha.

Siku hiyo hiyo Bwana alituma watu wazunguke maduka yote na kuirudisha sabuni yote iliyotoka kwetu, na akamtuma mtu Ndau. Jioni kabla ya magharibi alitukusanya sote watano uani. Alituuliza kama kuna anayejua habari ya kioo. Mmoja alisema huenda ni cha taa ya chemni. Mwingine alisema labda ni huko huko Ndau, mwanamke alifulia karibu na chupa iliyovunjika, na watu hupenda kusingizia. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, zima, tayari, lakini halikuwa na nguvu ya kutoka. Nilisimama nalo mpaka tukaambiwa twende tukasali.

Bwana hakuridhika na lile la kusingizia. Alimwona yule mvuvi uso kwa uso. Hata hivyo alitaka kujua hakika, na ndani ya ghala palikuwa na masanduku mengi ya miche. Kuiyeyusha yote upya kungeleta sabuni ya chenga chenga isiyofaa, na vipande vidogo vya kioo vingeweza kupita kwenye gunia la kuchujia bila mtu kuviona.

Wakati huo huo alikuwapo Lamu fundi mmoja wa Kigoa kutoka Mombasa. Aliletwa kuikagua motaboti iliyopandishwa pwani, kwa kuwa kulikuwa na wasiwasi kwamba shafti yake ina ufa kwa ndani. Alikuja na chombo ambacho watu walikwenda kukitazama. Bwana naye alikwenda. Aliporudi alituambia kwamba amemuuliza fundi, “Ikiwa chombo chako kinaona ufa ndani ya chuma, hakiwezi kuona kioo ndani ya sabuni?” Fundi alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema hajawahi kujaribu.

Alikuja asubuhi ya pili, na wachukuzi wawili nyuma yake. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, safi. Chombo kilikuwa sanduku la chuma ukubwa wa redio, na mbele yake kioo cha duara ambamo mlipita mstari wa kijani. Kutoka kwenye sanduku ulitoka waya, na mwisho wa waya palikuwa na kitu kama kete kubwa ya bao, bapa upande mmoja. Umeme wake ulitoka kwenye injini ndogo ya petroli iliyowekwa nje ya ua, ikinguruma mchana kutwa.

Bwana aliniamuru nimsaidie, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kila sanduku limetoka katika sufuria gani. Nililala usiku ule kama kawaida, nikaja.

Fundi alinifafanulia kazi bila kuulizwa, kama mtu aliyezoea kufanya kazi peke yake akafurahi kupata wa kumwambia. “Hiki hapa hutoa sauti,” alisema akinionyesha ile kete. “Sauti nyembamba sana, sikio haliisikii, hata la mbwa. Inaingia ndani, inafika upande wa pili, inarudi. Ikigonga kitu njiani, inarudi mapema. Huku kwenye kioo tunaona imerudi lini.”

Alichukua mche mzuri, akausukumia msumari mdogo ubavuni mpaka ukapotea ndani. Kisha akapaka mafuta ya nazi juu ya mche, kwa sababu, alisema, sauti hiyo haipiti kwenye hewa hata kidogo, akaibandika ile kete. Mstari wa kijani uliinuka mara mbili, mwanzo na mwisho. Aliisogeza taratibu. Alipofika penye msumari, katikati ya vilima viwili kikainuka kilima cha tatu, chembamba.

“Umeona?” aliniuliza.

“Nimeona.”

“Kikitokea hicho, niambie nisimame.”

Tulianza. Kazi yangu ilikuwa kuleta mche, kuupaka mafuta, kuugeuza, kuuondoa. Yeye alipitisha kete, na palipoinuka kilima cha tatu alitia alama kwa penseli. Mpaka adhuhuri tulikuwa na miche mingi yenye alama. Bwana alikuja akaiona imepangwa. Akaagiza kisu. Mimi nilikata, mche mmoja baada ya mwingine, polepole, palepale penye alama. Ndani hamkuwa na kioo. Mlikuwa na vitundu, povu la hewa lililonaswa wakati wa kumimina, kimoja kama punje ya mtama, kingine kama harage.

“Hewa,” fundi alisema. Alivua miwani akaipangusa. “Hewa hurudisha sauti vizuri kuliko kioo. Samahani, Bwana. Ilinipasa nijue.”

“Kwa hivyo hapana kioo?” Bwana aliuliza.

“Sijasema hivyo.”

Alikaa mbele ya chombo akala mkate wake pale pale bila kuosha mkono mafuta. Baadaye alianza tena, mara hii akipima kila palipoinuka kutoka pande mbili na tatu za mche, akiangalia kilima kinavyobadilika. Alisema kitundu cha hewa ni cha mviringo, kila upande hurudisha sawasawa. Kipande kilicho bapa hurudisha kwa nguvu upande mmoja, na ukikitazama kwa ubavu hukioni. Miche yenye alama ikapungua.

Kisu kiligusa kitu baada ya alasiri. Nilisikia mkwaruzo, nikasimamisha mkono. Nilifungua mche kwa vidole gumba, na kioo kilikuwapo, kimelala ndani ya sabuni nyeupe bila hata doa. Fundi alisema kitu kwa Kigoa. Bwana alisema, “La ilaha illa Llah.” Mimi nilikiinua nikakiweka juu ya kitambaa cheupe ambacho Bwana alikuwa amekitandika mezani.

Siku ya pili tulipata vipande vingine vitatu, na katika mche mmoja vichembe vidogo vya risasi vilivyoshikana kama mayai ya samaki. Fundi aliviosha kwa maji, akaviweka karibu karibu, akavisogeza kwa ncha ya penseli mpaka vikakubaliana. Kisha akakichukua kile kipande cha yule mvuvi wa Ndau, akakitia penye pengo. Kikaingia.

“Hiki si kioo cha taa wala cha chupa,” alisema. “Hiki ni kipimo cha maji.”

Bwana hakumtazama fundi. Alinigeukia mimi. “Kipimo kiko wapi?”

Nilikwenda kwenye shubaka. Kile kipande chembamba kilikuwa pale pale nilipokiweka, kimeingia vumbi. Nilikileta nikakiweka juu ya kitambaa, juu ya vile vingine, na hapo kipimo kikaonekana chote, kimepasuka lakini chote.

Fundi alitoka nje akaizima injini. Nadhani alitaka kutupa nafasi. Kwa mara ya kwanza kwa siku mbili ua ulikuwa kimya.

“Ulijua?” Bwana aliniuliza.

“Nilijua.”

“Tangu siku gani?”

“Tangu kilipovunjika.”

“Na nilipokuulizeni, hapa hapa uani, ulikuwa wajua?”

“Naam, Bwana.”

“Mbona hukusema?”

Nilijaribu kulitafuta jibu. Alikuwa mtu mwema, alikuja maziko akabeba jeneza, na nilitaka kumpa jibu linalofaa. “Sijui, Bwana,” nilisema.

Nilingojea anifukuze au anipige, na nilijua kwamba lolote kati ya hayo lingekuwa haki. Hakufanya lolote. Alikunja pembe nne za kitambaa juu ya vile vioo. “Utakwenda Ndau,” alisema.

“Nikamwambie nini yule Bi?”

“Hayo unayoniambia mimi.”

Siku ya tatu fundi alimaliza miche iliyobaki, na hakupata kitu. Bwana alimuuliza kama sasa sabuni hiyo ni salama kuuzwa. Fundi alitikisa kichwa. “Nikikwambia mche huu una kitu, ukate utakiona. Nikikwambia hauna, siwezi kuapa. Kipande kidogo mno, au kilicholala vibaya, kinanipita.” Alikataa ujira wowote isipokuwa kikapu cha maembe kwa ajili ya nyumbani kwake. Bwana akaamuru miche yote ya sufuria ile izikwe, mizima na iliyokatwa. Nililichimba shimo mimi, nyuma ya ua, kina cha kifua changu, na wenzangu walinisaidia kumimina masanduku bila kunisemesha.

Nilifika Ndau siku iliyofuata, ndani ya chombo kilichobeba magunia ya unga. Nyumba ya yule Bi ilikuwa ya udongo na makuti, karibu na ya kaka yake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi. Nilimkuta ameketi barazani, miguu ameinyoosha mbele, mafungu ya miyaa, majani makavu ya mkoma ya kusukia, yamemzunguka, na mkono wa kulia ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akiangalie. Kaka yake, yule mvuvi, alikuwa amesimama mlangoni. Alinitambua kuwa ni mtu wa kiwandani.

Nilitoa salamu nikasema, “Bi, mimi ndiye niliyeipika ile sabuni.”

“Karibu,” alisema.

“Na nilijua mna kioo ndani.”

Kaka yake alishuka barazani akaondoka. Bi alibaki akinitazama.

“Ulijua, ukauza?”

“Nilijua. Sikusema.”

“Kwa nini basi?”

“Mke wangu alikuwa amefariki, Bi, yeye na mtoto. Wiki tatu kabla.”

“Mungu awarehemu,” alisema. Halafu sauti yake ikawa ngumu. “Lakini usimtie marehemu katika hili. Yeye hakuvunja kioo.”

“Naam, Bi.”

“Keti.”

Nikaketi. Alisukuma fungu la miyaa kwa mguu mpaka likafika magotini pangu. “Chana,” alisema. “Upana mmoja, kutoka juu mpaka chini. Mimi mkono huu haushiki tena.”

Sikuwa nimewahi kuchana miyaa maishani mwangu. Kwetu ni kazi ya wanawake. Ya kwanza ilitoka pana huku, nyembamba kule. Aliitazama akaitupa. “Nyembamba zaidi. Na sawa. Tazama kwa mato, usitazame ukutani.” Nikachana nyingine. Akaitupa nayo. Mpaka adhuhuri alikuwa amekubali nne.

Nilikusudia kurudi siku hiyo hiyo. Nilikaa Ndau siku kumi na moja. Nililala msikitini na kula kwa imamu, na kila asubuhi nilikwenda barazani kuchana. Mpwa wake, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikaa upande wa pili akijifunza kusuka. Bi mwenyewe alisuka pia, akitumia vidole vitatu. Hapo zamani alikuwa akisuka misala, mikeka myembamba ya kusalia, ukili wake, yaani utepe wa miyaa iliyosukwa, umebana hata maji hayapiti. Watu wa Mkokoni, upande wa bara, walikuwa wakimwagiza misala ya harusi. Sasa ukili wake ulilegea kila alipofika penye kona, kwa sababu vile vidole viwili ndivyo vilivyokuwa vikibana. Alisuka dhiraa moja, akautazama, akaufumua wote. Akaanza tena. Akaufumua. Hakulalamika wala hakunitazama.

Mimi nilimtazama. Nilijua kwamba hapo ndipo mtu angepaswa kuhisi uchungu. Niliutafuta ndani yangu kwa makusudi, kama mtu anayepapasa mfukoni. Nilikuwa nimeharibu mkono wa mtu, mkono wenye ufundi ambao sikuwa nao mimi na sitakuwa nao. Nilijua ukubwa wake, ningeweza kuueleza kwa maneno. Ila sikuuhisi. Nikachana miyaa.

Siku ya nane au ya tisa, yule msichana ameingia ndani kupika, Bi aliniuliza, “Mkeo alikuwa akiitwa nani?”

Nikalitaja jina lake. Nilishtuka kidogo kwa namna lilivyotoka, kwa kuwa tangu maziko sikuwa nimelitamka. Nyumbani mama yangu alisema “marehemu,” na mimi nilisema “yeye.”

“Alikuwa mtu wa namna gani?”

Nilifikiri. Tuliishi pamoja miaka miwili na miezi. “Alikuwa hapendi harufu ya sabuni,” nilisema. “Nikirudi kazini, hukaa mbali nami mpaka nikoge. Nikikoga kwa sabuni, husema nimezidisha.”

Bi alicheka. Nami nilimwona anacheka, na nikajua kwamba nimesema jambo la kuchekesha. Nilitamani nicheke naye. “Sasa ndio umenitajia mtu,” alisema. “Siku ile ulinitajia maiti.” Akarudi kwenye ukili wake.

Hakuna kilichotokea baada ya hapo. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuwasimulia watu kisa hiki, na wote hungojea niseme kwamba hapo nililia, moyo ukafunguka. Sikulia. Ilipita karibu miaka miwili kabla sijaanza kuhisi vitu tena, na vilirudi kimoja kimoja, bila mpango: kwanza hasira, kwa jambo dogo la ndoo, baadaye sana huzuni. Kulia kwenyewe sikumbuki kulikuja lini.

Bwana hakunifukuza. Nilipika sabuni yake miaka kadhaa zaidi, na kila kipimo kipya alichokiagiza alikiweka kwake, nikawa nakwenda kukiomba na kukirudisha mkononi mwake. Sikuona vibaya. Baadaye ilikuja sabuni ya viwanda vikubwa kutoka Mombasa, imefungwa kwa karatasi yenye picha, na yetu ikakosa wanunuzi. Sufuria zikauzwa kwa watu wa kuchoma chokaa. Mimi nikaingia kazi ya ghala.

Lakini kabla ya hapo, kwa miaka miwili, kila mwezi nilipopata siku mbili tatu nilikwenda Ndau nikachana miyaa. Hakuniita, wala hakunikataza. Kaka yake aliniitikia salamu tu, na hakuzidisha, mpaka mwisho. Siku moja nilijikaza nikamwomba Bi radhi kwa maneno, jambo ambalo tangu siku ya kwanza sikuwa nimelifanya.

Aliacha kusuka akanitazama kwa mshangao. “Radhi nilikupa zamani,” alisema. “Ungeuliza ningekwambia.”

“Basi mbona umeniacha nikichana muda wote huu?”

“Miyaa haijichani yenyewe,” alisema.

Misala hakuisuka tena. Aliacha kupigana na zile kona, akageukia majamvi, mapana, ya ukili mnene usiohitaji kubanwa sana, ambayo watu wa Mkokoni waliyataka kwa kuanikia samaki. Aligundua namna ya kuushika ukili kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto huku akisuka kwa vidole vitatu, na mpwa wake akamalizia pembeni. Mara ya mwisho nilipokwenda, msichana alikuwa ameshajua kuchana kuliko mimi, na mafungu yalikuwa yamekwisha kabla sijafika. Bi aliniambia, kwa kuwa nimekuja, nisikae bure. Tukayakunja majamvi saba, tukayafunga kwa kamba ya kumbi, nikayatia begani nikashuka nayo pwani, ambako kaka yake alikuwa akingojea ndani ya mashua. Aliyapokea moja moja, akayapanga, akaisukuma mashua kwa upondo, akaelekea Mkokoni.